MAZUNGUMZO: KUKABIDHIANA VIFAA VYENYE MAKALI KATIKA CHUMBA CHA UPASUAJI

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya madaktari, wauguzi, watoa usingizi na wahudumu wa vyumba vya upasuaji. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa manufaa yao na ya wananchi kwa jumla, kwani aliyelazwa juu ya meza na anayemhudumia wote ni watu wa visiwa hivi, na kila mmoja wao ana nyumba inayomsubiri.



Katika chumba cha upasuaji kitu chenye makali hakikai mahali pamoja. Kisu hutoka kwenye meza ya vyombo, kikaenda kwa mpasuaji, kikarudi. Sindano huenda na uzi mrefu na kurudi na uzi mfupi. Mkasi na kulabu hufuata njia hiyo hiyo. Safari hizo ni nyingi mno katika upasuaji mmoja tu, na aghalabu hufanyika ilhali macho ya mpasuaji yamo ndani ya jeraha, na macho ya muuguzi yako mezani yakitafuta kifaa kitakachotakiwa baadaye. Mikono miwili hukutana bila ya macho kukutana. Hapo ndipo penye hatari, na hapo ndipo mazungumzo haya yanapokusudia kusimama.

Jambo lenyewe si geni kwa watu wa pwani. Katika nyumba nyingi mtoto anapoanza kutumwa jikoni hufunzwa kwamba kisu hakitolewi kwa kumwelekezea mwenzio ncha. Hugeuzwa mpini, au huwekwa juu ya ubao na anayekitaka akakichukua mwenyewe. Waliosoma chuoni wanajua pia kuwa katika Hadithi za Mtume (S.A.W.) imepokewa kwamba alikataza upanga kupokezanwa ukiwa nje ya ala yake, na kwamba aliyepita msikitini au sokoni na mishale aliamrishwa azishike ncha zake asije akamjeruhi mtu. Anayedhani kuwa habari ya kukabidhiana makali ilianza katika hospitali za Ulaya na Marekani, basi amechelewa kwa karne nyingi. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo anayekiweka kisu chini kwa adabu nyumbani kwake, akishavaa kanzu ya upasuaji hukirusha mkononi mwa mwenziwe kwa haraka kama kalamu.

Katika historia ya tiba liko tukio moja ambalo kila mwenye kufanya kazi hii angefaa alijue. Mwaka 1847, katika mji wa Vienna, profesa wa elimu ya tiba ya kisheria aliyeitwa Jakob Kolletschka alikuwa akisimamia uchunguzi wa maiti. Kisu kilichokuwa mkononi mwa mwanafunzi wake kilimchoma kidoleni. Jeraha lilikuwa dogo, lakini sumu iliingia mwilini na katika muda wa siku chache profesa yule alifariki. Rafiki yake, daktari Ignaz Semmelweis, aliposoma maelezo ya uchunguzi wa maiti ya Kolletschka aliona alama zile zile alizokuwa akiziona kwa wazazi waliokuwa wakifa kwa homa ya uzazi katika wodi yake. Akafahamu kwamba mikono ya madaktari waliotoka kwenye maiti na kwenda moja kwa moja kwa wazazi ndiyo iliyokuwa ikibeba mauti, na mwaka huo huo akaamrisha mikono ioshwe kwa maji ya klorini. Wanafunzi wa tiba hufundishwa kisa hiki kwa ajili ya kuosha mikono, na ni haki. Lakini mwanzo wake ulikuwa kisu katika mkono wa mtu mmoja na kidole cha mtu mwingine aliyesimama karibu mno.

Siku za Kolletschka kilichoogopwa kilikuwa usaha. Leo kuna virusi ambavyo havionekani, havinuki wala havimbadilishi mgonjwa sura. Mwaka 1984 jarida la tiba la Lancet la Uingereza lilitoa habari ya muuguzi aliyepata virusi vya UKIMWI kwa kuchomwa na sindano kazini, na tangu hapo wataalamu wamepima hatari hiyo kwa hesabu. Mfanyakazi aliyechomwa na kitu chenye damu ya mwenye virusi vya UKIMWI ana hatari ya kuambukizwa ya kiasi cha mara 3 katika 1,000. Kwa homa ya ini aina ya C hatari hiyo haizidi mara 2 katika 100. Kwa homa ya ini aina ya B, kwa mtu asiyechanjwa, ni baina ya mara 6 na mara 30 katika 100, kwa kutegemea wingi wa virusi katika damu ya mgonjwa.

Hesabu hizi zisomwe kwa utaratibu. Visiwani Zanzibar wenye virusi vya UKIMWI ni chini ya mtu mmoja katika kila watu mia, na wapo wafanyakazi wanaojiliwaza kwa habari hiyo, wakaona kuwa kuchomwa ni bahati mbaya ndogo kama kuchomwa na mwiba wa samaki. Liwazo hilo lina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba mgonjwa anayefikishwa usiku akitoka damu hakuja na majibu yake mkononi. Ya pili ni homa ya ini aina ya B, ambayo huambukiza kwa wepesi zaidi kuliko UKIMWI, na ambayo wengi huishi nayo miaka kadhaa bila ya kujijua. Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya ugonjwa huu mwaka 2002. Kwa hiyo mfanyakazi aliyezaliwa kabla ya mwaka huo hawezi kutegemea chanjo ya utotoni. Sharti apate dozi zake tatu akiwa mtu mzima, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu baada ya miezi sita tangu ya kwanza. Dozi moja iliyosahauliwa ni kama mlango uliofungwa bila ya komeo.

Huenda akatokea msikilizaji akauliza: je, mipira ya mikono haitoshi? Mipira ina historia ya kuchekesha kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani, daktari William Halsted aliagiza mipira myembamba itengenezwe kwa ajili ya muuguzi wake, Caroline Hampton, ambaye ngozi ya mikono yake ilikuwa ikiharibiwa na dawa kali ya kuulia vijidudu. Hakukusudiwa kumkinga mgonjwa wala mpasuaji. Ilikusudiwa kuinusuru ngozi ya bibi yule, ambaye baadaye alikuwa mke wake. Mpira huzuia damu isiguse ngozi, na sindano ikipenya huifuta sehemu ya damu kabla ya kufika kwenye nyama, na hiyo ni faida ya kweli. Mwenye kuvaa jozi mbili, moja juu ya nyingine, hupata kinga iliyo bora zaidi, kwani tundu likitoboka katika mpira wa juu mara nyingi wa ndani hubaki mzima. Lakini hakuna mpira uwezao kuzuia ncha ya kisu. Kinga ya kisu ni njia kinayopita.

Liko jambo lililowashangaza wataalamu huko Marekani. Mwezi Novemba 2000 nchi hiyo ilitia saini sheria ya kuzuia ajali za sindano, na hospitali zikatakiwa kutumia sindano na vifaa vilivyotengenezwa kwa usalama zaidi. Janine Jagger na wenzake walichapisha mwaka 2010 hesabu za hospitali 87 tangu mwaka 1993 hadi 2006. Nje ya vyumba vya upasuaji ajali zilipungua kwa asilimia 31.6 baada ya sheria. Ndani ya vyumba vya upasuaji hazikupungua. Ziliongezeka kwa asilimia 6.5. Sheria ile ile, nchi ile ile, hospitali zile zile. Wodini ilikuwa rahisi kubadilisha sindano, lakini mezani ilitakiwa kubadilisha mazoea ya watu, na watu hawanunuliwi dukani wakiwa ndani ya paketi.

Katika hesabu hizo limo jambo lingine linalopasa kusemwa wazi. Mpasuaji na daktari mwanafunzi waliojeruhiwa, mara nyingi walijeruhiwa na kifaa walichokuwa wakikitumia wenyewe. Wauguzi na mafundi wa chumba cha upasuaji, kwa kawaida, walijeruhiwa na kifaa kilichotumiwa na mtu mwingine. Maana yake ni kwamba uzembe wa mmoja hulipwa na damu ya mwingine, na anayelipa aghalabu ni mwenye cheo kidogo zaidi.

Sasa yaelezwe yanayotakiwa kufanywa.

Utaratibu unaopendekezwa na vyama vya wapasuaji na vya wauguzi katika nchi nyingi ni wa mahali pa kati. Baina ya mpasuaji na muuguzi wa vyombo, yaani yule anayesimama kwenye meza ya vifaa, huwekwa sehemu moja iliyokubaliwa. Yaweza kuwa trei ndogo, bakuli lenye umbo la figo, mkeka wa sumaku kwa hospitali iliyojaaliwa kuwa nao, au hata kipande cha shuka safi kilichotandikwa na kuonyeshwa kwa kidole. Kifaa chenye makali hupita hapo tu. Muuguzi hukiweka, huondoa mkono wake, mpasuaji hukichukua. Mpasuaji akimaliza hukirejesha hapo hapo, huondoa mkono wake, muuguzi hukichukua. Mikono miwili haigusi kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Wala vifaa viwili vyenye makali havikai mahali hapo kwa pamoja. Sindano ikiwa ipo, kisu hungoja.

Hayo ni rahisi kuyasema. Ugumu umo katika mambo madogo madogo, na mambo hayo yanastahili kuelezwa kwa urefu kuliko kanuni yenyewe.

La kwanza ni mahali hapo pawe wapi. Trei ikiwekwa juu ya kifua cha mgonjwa hupanda na kushuka na pumzi zake, na ikiegemea mteremko wa tumbo huteleza mara maji yanapomwagika. Ikiwekwa mbali, mpasuaji atachoka kujinyoosha na baada ya robo saa ataanza kunyoosha mkono akingojea atiwe kifaa kiganjani, na utaratibu wote utakuwa umekufa bila ya mtu kuutangaza. Kwa hiyo mahali pa kati huchaguliwa kabla ya ngozi kukatwa, mpasuaji akiwa ameshasimama mahali pake. Inajulikana pia kwamba wapo wapasuaji wanaotumia mkono wa kushoto. Mpini hugeuzwa kuelekea mkono anaoutumia, na muuguzi mgeni haoni haya kuuliza mkono upi. Wakati mzuri wa kukubaliana ni ile mapumziko fupi kabla ya kukata, inayotakiwa na orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ambapo kila mtu hutaja jina lake na kazi yake. Maneno sita yanatosha: trei ipo hapa, kisu kinapita hapa.

La pili ni namna kifaa kinavyolazwa. Kisu hulazwa upande, makali yakiwa mbali na mkono utakaokichukua. Bakuli lenye kingo ndefu halifai, kwani humlazimisha mtu atie vidole ndani na kupapasa. Sindano ya kushonea haiwekwi peke yake kamwe. Huwa imeshikwa na koleo lake, na ncha yake imeelekezwa chini au upande usio na mtu. Inaporudi, mpasuaji huigeuza kwa kibanio ncha iingie kwenye meno ya koleo, ili anayeipokea asikutane na ncha iliyo wazi. Ule uzi uliobaki nao una hila zake. Hujizungusha kwenye kidole au kwenye kitambaa, na anayeuvuta akidhani ni uzi mtupu hujikuta amevuta na sindano.

La tatu ni sauti. Anayeweka husema. Akiweka kisu husema "kisu". Akiweka sindano husema "sindano". Husemwa kwa sauti ya kusikika, si ya kunong'ona nyuma ya kitambaa cha mdomo, kwa sababu mashine ya kunyonya damu ina kelele zake na feni lina zake. Hapa pana habari ya kienyeji isiyopasa kupitwa. Tangu mwaka 1964 madaktari kutoka China, wa jimbo la Jiangsu, wamekuwa wakija kufanya kazi katika hospitali za Unguja na Pemba, na madaktari wa mataifa mengine nao wamepita. Meza moja ya upasuaji yaweza kuzungukwa na watu wa lugha tatu. Neno la kutahadharisha huchaguliwa kabla, liwe moja, na liwe fupi. Haidhuru liwe la Kiswahili au la Kichina, maadamu kila aliyevaa mipira analijua.

Utaratibu huu una mahali usipofaa wote. Daktari wa macho anayetazama kwa darubini, au mpasuaji aliyebana mshipa unaovuja kwa kidole, hawezi kuondoa macho yake kwenye kazi akatafuta trei. Kwake hufanywa nusu ya utaratibu. Muuguzi humtia kifaa mkononi, mpini kwanza, kwa mwendo wa taratibu na kwa kusema. Lakini kifaa kinaporudi hupitia mahali pa kati kama kawaida, kwani safari ya kurudi ndiyo yenye damu. Nusu hiyo isifanywe kuwa kisingizio. Mpasuaji anayeondoa ngiri ya kawaida mchana mweupe na kusema kuwa hawezi kuondoa macho yake, huyo anasema habari ya mazoea yake.

Je, kuna ushahidi kwamba jambo hili husaidia? Upo, na ni vyema utajwe pamoja na mipaka yake. Mwaka 2002 ulichapishwa uchunguzi wa Bernadette Stringer na wenzake uliohusu upasuaji 3,765. Palipotumika utaratibu wa kutokabidhiana mkono kwa mkono katika upasuaji uliomwaga damu zaidi ya mililita 100, majeraha, mipira iliyochanika na damu iliyowarukia watu vilipungua kwa asilimia 59 hivi. Katika upasuaji wenye damu kidogo kuliko hiyo faida hiyo haikuonekana. Wapo waliolichukua hilo la pili wakalifanya hoja ya kuuacha utaratibu. Lakini nani ajuaye kabla ya kukata kwamba damu haitazidi mililita 100, ambazo hazijazi hata nusu ya glasi ya maji?

Na katika hospitali za nchi hizi upasuaji mkubwa ulio wa kawaida kuliko wote ni wa kumtoa mtoto. Huko damu ya nusu lita ni jambo la kila siku. Na ifikiriwe hali ilivyo. Mama amefikishwa akiwa amechoka, mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka, wote wanakwenda mbio. Mpasuaji hukata mfuko wa uzazi, na katika dakika hiyo hiyo humwagika maji, mikono ya msaidizi iko ndani, kichwa cha mtoto kinatafutwa, na kile kisu kilichokwisha kazi yake kiko mahali fulani. Wapi? Swali hilo likikosa jibu, jibu hupatikana kwenye kiganja cha mtu. Katika upasuaji wa namna hii mahali pa kati pana thamani kubwa zaidi kuliko katika kazi yoyote ya utulivu, na ni hapo hapo panaposahauliwa kwa kisingizio cha haraka. Kuweka kisu kwenye trei na kutamka neno moja huchukua sekunde mbili. Mtoto hafi kwa sekunde mbili.

Sindano ya kushonea ndiyo kifaa kinachojeruhi watu wengi zaidi mezani. Hesabu za Jagger zilizotajwa ziliipa asilimia 43, na kisu asilimia 17. Kwa hiyo mpasuaji asiishike kwa vidole bali kwa kibanio, wala asiitafute ncha yake kwa kidole cha mkono wa pili ndani ya nyama asikoona. Anapofunga fundo, sindano huwa imekwisha kukatwa au imefunikwa. Kwa kushona misuli na utando wake zipo sindano zenye ncha butu, ambazo hupenya nyama laini na huona taabu kupenya ngozi ya mtu. Mwaka 2012 mamlaka za afya na usalama kazini za Marekani zilizipendekeza kwa pamoja. Ghala ikiwa haina, mwenye kuagiza vifaa anaweza kuziandika katika orodha ya mwaka.

Kuhusu taa, visiwa hivi havihitaji kufundishwa na mtu. Unguja ilikaa bila ya umeme wa kutoka bara tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, na hospitali zilitegemea majenereta. Baina ya kuzimika kwa umeme na kuamka kwa jenereta pana giza la sekunde kadhaa. Makubaliano yawe haya: taa zikizimika, mwenye kitu chenye makali hukituliza pale pale kilipo, husema kwamba anacho, na hakuna anayenyoosha mkono hadi mwanga urudi.

Linabaki jambo la staha, ambalo ni gumu kuliko la vyombo. Muuguzi kijana aliyetoka skuli juzi anamwona daktari bingwa mwenye mvi akirudisha kisu mkono kwa mkono, makali mbele. Adabu aliyolelewa nayo inamfunga ulimi. Hawezi kumwambia mtu wa umri wa baba yake kwamba amekosea, na mbele ya watu. Basi ufunguo uko mkononi mwa daktari mwenyewe. Akisema kabla ya kuanza, "Nikisahau trei, bibi, nikumbushe," amemfungulia muuguzi mlango na hakupungukiwa na heshima yoyote. Na muuguzi naye ana lugha ya kukumbusha isiyovunja heshima. "Trei, daktari" ni maneno mawili tu, na huku mikono yake ameirudisha nyuma na kuifungamanisha kifuani. Mikono isiyonyooshwa haiwezi kutiwa kisu.

Ajali ikitokea pamoja na yote hayo, kazi yake ni hii. Aliyechomwa hutangaza pale pale na huondoka mezani mara tu anapopatikana wa kushika nafasi yake. Kifaa kilichomchoma nacho huondolewa, kwani sasa kina damu yake na mgonjwa pia ana haki ya kulindwa. Huvua mipira, huosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Halikamuliwi, halisuguliwi, wala halitiwi dawa ya kufulia nguo au spiriti. Kukamua na kuunguza huijeruhi nyama zaidi. Kisha huandikishwa: saa ngapi, kifaa gani, kimeingia kiasi gani, mgonjwa nani. Mfanyakazi na mgonjwa hupimwa kwa ridhaa na kwa siri. Ikionekana haja, dawa za kukinga virusi vya UKIMWI huanzwa katika saa za mwanzo, na baada ya saa 72 hazitarajiwi kufaa kitu. Humezwa kila siku kwa muda wa siku 28. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1997 uliona kwamba wafanyakazi waliotumia dawa ya zidovudini baada ya kuchomwa walikuwa na hatari ndogo kwa kiasi cha asilimia 81 kuliko wasioitumia. Dawa za siku hizi ni bora kuliko ile, na ni nyepesi kwa mtumiaji.

Juu ya hayo, wako wanaochomwa na kunyamaza. Huufunga kidole kwa plasta ndani ya mpira mpya, wakarudi mezani, wakaenda nyumbani. Mmoja huogopa kuambiwa mzembe. Mwingine huogopa kuonekana kwenye kliniki ya dawa hizo, katika mji ambao kila mtu anamjua shangazi wa kila mtu. Na ichukuliwe mfano wa muuguzi anayenyonyesha. Akinyamaza, saa 72 zinapita akiwa na mtoto kifuani, na kile alichokiogopa kwa ajili ya jina lake amekipeleka mahali asipopenda hata kupafikiria. Wakuu wa vyumba vya upasuaji wanaombwa waitunze daftari ya ajali kama wanavyoitunza daftari ya dawa za kulevya: kwa ufunguo, na bila ya maneno ya lawama ndani yake. Daftari iliyo tupu mwaka mzima si dalili kwamba hakuna aliyechomwa.

Upasuaji ukimalizika, makali hayajamalizika. Sindano huhesabiwa, na idadi iliyotoka ilingane na iliyorudi. Kijembe cha kisu huondolewa kwenye mpini kwa koleo, si kwa vidole. Na ndivyo kilivyopasa kutiwa tangu mwanzo, namba 10 au 15 kwenye mpini namba 3, kijembe kikielekezwa mbali na mwili. Vyote huingizwa katika kisanduku cha usalama kilicho karibu na meza, na kisanduku hufungwa kinapojaa robo tatu. Kukishindilia ili kipokee sindano moja zaidi ni sawa na kutia mkono ndani ya pango la nge.

Mara kwa mara sindano iliyokosekana katika hesabu huwa imejificha katika mkunjo wa shuka. Shuka hukusanywa, hutiwa kwenye gunia, hupelekwa kwa madobi. Dobi hakuwepo wakati wa upasuaji, hakusikia neno "sindano" likitamkwa, wala hajui damu ile ni ya nani. Kabla shuka hazijakunjwa hutazamwa moja moja chini ya taa na mtu mmoja aliyetajwa kwa kazi hiyo. Na majina ya madobi pamoja na wachukuzi wa taka yaingizwe katika orodha ile ile ya chanjo ya homa ya ini iliyo na majina ya madaktari.